Rangi kwenye terminali kwa C: mstari mwekundu unapinda, ripoti inajaa alama, Ctrl-C inaacha skrini nyekundu

Bambo_Kibaigwa

Wakuu, salaam kwenu.

Niko Kibaigwa, kwenye ghala moja jirani na soko la mahindi. Kazi yangu ni kupokea mzigo. Fuso inaingia, tunachoma magunia kwa bambo, sampuli inakwenda kwenye kipima unyevu, halafu naandika. Mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 hayapangwi ghalani, yanamwagwa kwanza kwenye turubai yaanikwe. Ukiyapanga mabichi yanapata joto, yanaota kuvu, na hapo unakaribisha sumukuvu. Kwa hiyo katika karatasi yote ya siku, namba ya unyevu ndiyo ninayoijali kuliko zingine.

Nimeandika programu ndogo ya C kwenye laptopu ya ofisi yenye Ubuntu. Inasoma faili la siku na kutoa jedwali: kijiji mzigo ulikotoka, magunia, unyevu. Nataka unyevu uliozidi uwe mwekundu ili macho yaende pale moja kwa moja. Sehemu yenyewe ni hii:

```c
#define NYEKUNDU "\033[31m"
#define KAWAIDA  "\033[0m"

char u[32];
if (unyevu > 13.5)
    sprintf(u, NYEKUNDU "%.1f" KAWAIDA, unyevu);
else
    sprintf(u, "%.1f", unyevu);
printf("%-16s %6d %8s\n", kijiji, magunia, u);
```

Rangi inatoka vizuri tu, ila jedwali linakuwa hivi (14.2 ndiyo nyekundu):

```
Mkoka               120     12.8
Hogoro               85 14.2
Pandambili          200     13.1
Ng’humbi           64     12.9
```

Ile nyekundu imekimbilia kushoto. La pili, nikihifadhi kwa `./mzani leo.txt > ripoti.txt` na kufungua kwa nano, nakuta `^[[31m14.2^[[0m`, na ripoti hiyo inatakiwa ichapwe kwa karatasi. La tatu, mzigo ukizidi programu inatoa onyo kwa rangi nyekundu na kunisubiri niandike hatua iliyochukuliwa. Nikibonyeza Ctrl-C hapo, terminali nzima inabaki nyekundu, hata amri ninazoandika baadaye.

Naomba msaada. Kama kuna namna sahihi ya kulifanya hili tangu mwanzo niambieni, niko tayari kuiandika upya.

mzee_wa_DOS

Kijana, sisi tulipofundishwa tulitumia conio.h. Unaandika `textcolor(RED);` kisha `cprintf` badala ya printf. Safu hazipindi wala hakuna alama yoyote. Jaribu.

Bambo_Kibaigwa

Shikamoo mzee. Nimejaribu, gcc inakataa, inasema conio.h haipo.

mzee_wa_DOS

Marahaba. Basi ngoja waje wanaojua hizo za sasa, na mimi nasoma hapa hapa.

MwalimuNkuhungu

Mzee, shikamoo. conio.h uliyoitumia ilikuwa ya kompaila za DOS, kama Turbo C ya Borland. Kule programu ilikuwa imeishika skrini ya mashine yenyewe, kwa hiyo textcolor ilibadilisha tu rangi ambayo cprintf itaandikia. Kwenye Linux programu haiioni skrini kabisa. Inatoa baiti, basi. Upande wa pili kuna anayezipokea, na si lazima awe terminali: anaweza kuwa faili, anaweza kuwa programu nyingine.

Ndugu yangu wa Kibaigwa, matatizo yako yote matatu yanatoka hapo. Kabla hujarekebisha kitu nakuomba uzione hizo baiti kwa macho yako. Vijana ninaowafundisha C jioni hapa Nkuhungu huwa siwaachii kugusa rangi mpaka wafanye hivi:

```
./mzani leo.txt | od -c
```

Tafuta mstari wa Hogoro. Utakutana na kipande hiki, pengine kimekatika mistari miwili:

```
033   [   3   1   m   1   4   .   2 033   [   0   m  \n
```

033 ni herufi ya ESC kwa hesabu ya oktali, yaani 27 ya kawaida. Terminali ikiipokea ikifuatwa na `[` inajua kwamba kinachokuja si maandishi ya kuonyesha bali ni amri, na amri hiyo inaishia kwenye herufi ya kufunga. Hapa herufi ya kufunga ni `m`. 31 ni maandishi mekundu, 0 ni rudisha kila kitu kawaida. Utaratibu huu ni wa zamani: kiwango cha ECMA-48 kilitoka kwa mara ya kwanza 1976, ANSI wakatoa chao, X3.64, mwaka 1979, na terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, ya 1978, ndiyo iliyoueneza. VT100 yenyewe haikuwa na rangi. Ile `m` ilikuwa ya herufi nzito, ya kupigia mstari chini, ya kugeuza giza na mwanga. Na terminali yako ya Ubuntu mpaka leo inasikiliza amri hizo hizo.

Sasa hesabu. ESC[31m ni baiti 5, 14.2 ni baiti 4, ESC[0m ni baiti 4. Jumla 13. Wewe umeiambia printf `%8s`, yaani jaza nafasi mpaka zifike 8. Imeona 13, imeona zimeshapita, haikuongeza nafasi hata moja. Ni kama mzani wenu hapo ghalani: unapima gunia pamoja na mahindi, haujui kipi ni kifungashio. Toa kifungashio nje ya kipimo:

```c
printf("%-16s %6d %s%8.1f%s\n",
       kijiji, magunia, rangi, unyevu, mwisho);
```

Upana wa 8 sasa unahesabiwa kwa namba peke yake, na rangi inapita kwenye `%s` zisizo na upana: unyevu ukizidi `rangi` ni amri ya nyekundu na `mwisho` ni ya kurudisha kawaida, usipozidi zote ni stringi tupu. sprintf na ile `u[32]` zote zifute, huzihitaji tena.

Hujataja mstari wa Ng'humbi, lakini nao umepinda, nafasi 2 kushoto, na hauna rangi yoyote. Tazama kistari chake cha juu: ni kile kilichopinda, ’, nadhani majina ya vijiji uliyabandika kutoka kwenye simu. Katika UTF-8, namna Ubuntu inavyohifadhi herufi kama baiti, hicho ni baiti 3, na printf imehesabu baiti 3 mahali ambapo jicho linaona alama 1. Lugha yetu imejaa ng' na majina ya kwetu Ugogoni ndiyo usiseme, kwa hiyo hili litakurudia. Kwa faili lako tiba ni fupi:

```
sed -i "s/’/'/g" leo.txt
```

Tukija kwenye ripoti. Usitoe rangi kama anayepokea si terminali. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inakupa `isatty` kwa kazi hiyo:

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <string.h>
#include <unistd.h>

static const char *nyekundu = "";
static const char *kawaida  = "";

static void washa_rangi(void)
{
    const char *zuio = getenv("NO_COLOR");
    const char *aina = getenv("TERM");

    if (zuio && *zuio) return;
    if (!isatty(STDOUT_FILENO)) return;
    if (!aina || strcmp(aina, "dumb") == 0) return;

    nyekundu = "\033[31m";
    kawaida  = "\033[0m";
}
```

Iite mara moja mwanzoni mwa main. Kwenye faili zile stringi zinabaki tupu, printf ile ile inafanya kazi, na ripoti inatoka safi bila kuandika jedwali mara mbili. NO_COLOR ni desturi iliyoanza 2017: mtumiaji asiyetaka rangi anaweka kigezo hicho kwenye mazingira yake na programu inamheshimu. Nakusihi uiweke. Mtu anayetumia programu yako ana haki ya kukataa rangi bila kukuomba ubadilishe kodi.

Ujue pia kwamba ukipitisha kwenye `less` rangi zitazimika, maana huo nao ni mrija, si terminali. Ukizitaka huko ongeza chaguo lako la kuzilazimisha, na uite `less -R`.

Na Ctrl-C. Dawa ya kwanza si kukamata ishara (SIGINT, ile ambayo Ctrl-C inaituma kwa programu), ni kutoacha rangi wazi wakati unasubiri mtu aandike. Andika onyo, funga rangi, ndipo usome:

```c
printf("%sUnyevu umezidi.%s Hatua: ", nyekundu, kawaida);
fflush(stdout);
fgets(hatua, sizeof hatua, stdin);
```

fflush iache hapo. Kwenye terminali stdout, yaani njia ya matokeo, husukuma maandishi inapofika mwisho wa mstari, na swali lako halina `\n`, kwa hiyo usitegemee lijitokeze lenyewe. Na kila mara funga rangi kabla ya `\n`, usifunge baada yake, hasa ukitumia rangi ya mandharinyuma (40 hadi 47). Skrini ikipanda juu huku mandharinyuma iko wazi, terminali nyingi zitaupaka mstari mpya mzima.

Ukishafanya hivyo muda ambao Ctrl-C inaweza kukuta rangi iko wazi unabaki mdogo sana. Kuuziba huo nao, kamata ishara:

```c
#include <signal.h>

static volatile sig_atomic_t rangi_ipo = 0;

static void zima(int s)
{
    static const char r[] = "\033[0m";
    if (rangi_ipo)
        write(STDOUT_FILENO, r, sizeof r - 1);
    signal(s, SIG_DFL);
    raise(s);
}
```

`rangi_ipo` ipe 1 mwishoni mwa washa_rangi, na ndani ya main weka `signal(SIGINT, zima);`. Angalia nimetumia write, si printf. Ishara inaweza kuingia printf ikiwa katikati ya kazi yake, na ukiiita tena ndani ya kishughulikiaji cha ishara (hapa ni `zima`) unaweza kuharibu bafa, mahali maandishi yanapokaa kabla ya kutoka, au kuigandisha programu. write imo kwenye orodha ya POSIX ya fankisheni salama kwa ishara, printf haimo. Kisha narudisha tabia ya kawaida na kuituma ishara upya, ili shelli ijue kweli programu imekufa kwa Ctrl-C.

`kill -9` haikamatiki. Ikitokea terminali imebaki na rangi, andika `tput sgr0`, na ikiwa imevurugika zaidi andika `reset`.

ngongona_mwaka3

Mwalimu asante, od -c nimeifanya hapa hosteli na nimeelewa kitu ambacho nilikuwa nanakili tu. Nina mawili. Kwa nini `\033` na si `\e`, ambayo ni fupi? Na kwa nini asitumie ncurses moja kwa moja? Sisi huku Ng'ong'ona mradi wetu tuliufanya kwa ncurses: `start_color()`, `init_pair()`, `COLOR_PAIR(1)`, mambo yakaisha, wala hatukuona ESC hata moja.

MwalimuNkuhungu

`\e` imeongezwa na gcc, clang nayo inaikubali, lakini haimo kwenye kiwango cha C. Kompaila nyingine ina haki ya kuikataa. `\x1b` imo, ila ina mtego wake: heksadesimali haina kikomo cha tarakimu. Ukitaka kutuma ESC ikifuatwa na herufi c na ukaandika `"\x1bc"`, kompaila itaisoma kama namba moja, 1bc, na kulalamika kwamba ni kubwa mno. Oktali inaishia kwenye tarakimu 3, kwa hiyo `\033` haimezi kinachoifuata. Mimi naandika `\033` kila mahali.

ncurses ni nzuri, naipenda, lakini kwa kazi nyingine. Inachukua skrini nzima na kuisimamia: madirisha, vitufe, kuchora upya. Ghala likitaka skrini ya ukutani inayobadilika kila gari linapopimwa, hapo ncurses. Yeye ana jedwali linalotoka mara moja, na leo linaenda kwenye skrini, kesho kwenye faili. Akiweka ncurses atapoteza ile `> ripoti.txt` ambayo ndiyo anayoihitaji. Na hizo ESC zipo, mwanangu, ncurses inazituma kwa niaba yako baada ya kusoma kwenye terminfo terminali yako inaelewa nini. Ukiitaka hifadhidata hiyo bila skrini nzima, `setupterm` na `tigetnum("colors")` zinakupa idadi ya rangi.

Bambo_Kibaigwa

Mwalimu, Mungu akubariki. Safu zimenyooka, Ng'humbi imerudi mahali pake, ripoti imetoka safi hadi kwenye karatasi.

Yamezuka mengine. Nimeongeza njano (33) kwa unyevu wa 13.0 hadi 13.5, ili tujue mzigo uliokaribia mpaka. Kwangu inasomeka. Kwenye laptopu ya bosi terminali ina mandharinyuma nyeupe na ile njano haionekani kabisa, ni kama mzigo hauna unyevu ulioandikwa. Halafu kuna kompyuta ya mhasibu yenye Windows 10. Nimeikompaili kule kwa MinGW, yaani gcc ya Windows, nikaondoa masharti ya TERM kwa sababu kule hayapo, na kwenye dirisha jeusi inatoa `←[31m14.2←[0m`.

fundi_Makole

La Windows niachie mimi. Dirisha la koni la Windows 10 linaelewa amri hizo, ila lazima programu yako iliombe kwanza:

```c
#include <windows.h>

HANDLE h = GetStdHandle(STD_OUTPUT_HANDLE);
DWORD hali;
if (GetConsoleMode(h, &hali) &&
    SetConsoleMode(h, hali | ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING)) {
    nyekundu = "\033[31m";
    kawaida  = "\033[0m";
}
```

Kama kompaila yako ina vichwa vya zamani na haijui jina hilo refu, thamani yake ni 0x0004. Pia GetConsoleMode inashindwa kama matokeo yanaenda kwenye faili, kwa hiyo hapo umeshapata kazi ya isatty bure. Zungushia `#ifdef _WIN32` ili kodi moja iende kote kuwili.

Ukikutana na Windows 7, kuna SetConsoleTextAttribute na FOREGROUND_RED. Hiyo ni karibu na alivyosema mzee wetu, inabadilisha koni yenyewe, haipiti ndani ya maandishi. Kwa sababu hiyo lazima uite fflush kabla ya kubadili rangi na baada ya kuandika, la sivyo maandishi yaliyokuwa bado kwenye bafa yatatoka na rangi isiyo yao.

mzee_wa_DOS

Hilo la fflush nimelielewa vizuri. Asanteni vijana.

MwalimuNkuhungu

Kuhusu njano: 33 si rangi, ni nafasi ya rangi. Kiwango kinasema "njano", lakini njano ipi inaamuliwa na terminali na mpangilio aliouchagua mwenye mashine. Kwenye kadi za zamani za PC ile 33 ilitoka kahawia. Vivyo hivyo 34, bluu, kwenye mandharinyuma nyeusi hufifia mpaka unakodoa macho. Terminali nyingi za sasa zinakubali pia `\033[38;5;208m`, yaani namba 208 katika jedwali la rangi 256, ambayo ni ya chungwa, na hata `\033[38;2;R;G;Bm` ya kutaja rangi kamili. Lakini ukitaja rangi kamili ya maandishi bila kujua mandharinyuma, unarudi pale pale kwa laptopu ya bosi.

Ninachotaka ufanye ni kingine. Ongeza safu ya HALI yenye neno: MABICHI, MPAKANI, SAWA. Rangi iwe juu ya neno hilo. Karatasi inayochapwa haina rangi, faili halina rangi, na wapo wanaume wengi kiasi ambao nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja. Unaweza kuwa naye hapo ghalani na hujui, na yeye anaweza asikwambie. Mzigo wa 14.2 ukipangwa kwa sababu mtu hakuiona rangi, mahindi yataoza hata kama programu yako haina kosa. Kwa hiyo neno ndilo libebe habari, rangi ilisaidie jicho kulifikia.

Na kwa MABICHI usitumie 31 peke yake, tumia 7, ambayo inabadilishana maandishi na mandharinyuma. Haitegemei rangi aliyochagua mtu, inaonekana kwenye nyeusi na kwenye nyeupe:

```c
printf("%-16s %6d %8.1f  %s%-8s%s\n",
       kijiji, magunia, unyevu, rangi, hali, mwisho);
```

Bambo_Kibaigwa

Nimeweka. Sasa inaonekana hivi kwenye mashine zote tatu, na MABICHI imewaka kote:

```
Mkoka               120     12.8  SAWA
Hogoro               85     14.2  MABICHI
Pandambili          200     13.1  MPAKANI
Ng'humbi             64     12.9  SAWA
```

MPAKANI nimeipa herufi nzito tu, 1, bila rangi. Bosi ameipenda, ila anauliza kama MABICHI inaweza kuwaka na kuzima.

MwalimuNkuhungu

Kodi ya kuwaka na kuzima ni 5, na amri zinaunganishwa kwa nukta mkato: `\033[5;7m`. Terminali nyingine inaitii, nyingine inaipuuza kimya, kwa hiyo akiiona kwako na asiione kwake msianze kutafuta hitilafu kwenye kodi. Mimi nisingeiweka, neno linalopepesa linachosha kusoma na hapo mtu anatakiwa asome namba iliyo kando yake. Mwoneshe `\033[1;7m` kwanza, nzito na iliyogeuzwa, aione akiwa amesimama mbali na meza.